Swichi Inayogeuza Swichi: Historia ya Jina Moja kwa Vitu Viwili

Mfasiri apewaye kitabu cha Kimarekani juu ya reli za mfano hukutana mapema na mtego. Mahali ambapo njia moja ya reli hugawanyika kuwa mbili, Waingereza wamepaita kwa kufuata ncha za vyuma vinavyosogea. Wamarekani hupaita kwa neno lile lile la chombo cha kuwashia taa. Sisi tumelitohoa neno hilo kwa umeme tu. Basi kusema kwamba swichi hugeuza swichi ni sahihi kwao, na kwetu ni upuuzi. Hapa ile ya reli tutaiita kigeuzanjia.

Katika reli kubwa vigeuzanjia viligeuzwa kwa nyenzo. Mwaka 1856 Mwingereza John Saxby alipata hataza ya mtambo uliofungamanisha nyenzo hizo na zile za ishara, ili ishara isipingane na njia iliyowekwa.

Watengenezaji wa reli za mfano walipotaka kugeuza njia kwa umeme, walitumia koili mbili zenye kipande cha chuma katikati. Koili ya kulia ikipata umeme, chuma huvutwa kulia; ya kushoto, kushoto. Nyaya huwa tatu: mmoja wa pamoja huenda moja kwa moja kwenye chanzo cha umeme, na kila mmoja wa wale wawili hupitia kitufe chake. Chuma kikishasogea hubaki kilipo, na umeme hauna kazi tena. Ukiendelea kupita, koili hupata moto na kuungua. Ndiyo maana kitufe huwa na springi inayokirudisha mara kidole kinapoondoka. Wengine huongeza kapasita, ambayo hutoa umeme wake wote kwa mkupuo mmoja, hivyo kitufe kikinasa koili husalimika.

Kitufe hicho tukiite nani? Tafsiri ya neno kwa neno ni "swichi ya muda", nayo ni mbaya kweli kweli: msomaji ataelewa ni swichi ya kushikiza tu hadi ipatikane ya kudumu, naye akishaipata ya kudumu ataunguza koili. "Kitufe kirejeacho" hakina hatari hiyo.

Wapenzi wa reli hizi ni waundaji hodari wa maneno. Klabu ya Tech Model Railroad Club, iliyoanzishwa mwaka 1946 katika chuo cha MIT, iliendesha njia zake kwa rilei za simu. Kuzunguka chumba palikuwa na swichi za dharura. Mtu akiipiga mojawapo, saa ya ubaoni ilisimama na kuonyesha FOO, na swichi zikapata jina hilo. Mwaka 1959 Peter Samson alikusanya kamusi ya msamiati wa klabu. Humo limo neno "hack", ambalo klabuni lilihusu ubunifu na mizaha. Kiswahili kimelipokea kwa "udukuzi", kutoka kudukua, yaani kusikiliza kwa siri; nusu nzima ya maana imeachwa njiani.

Baadaye zilikuja mota ndogo zinazoshikilia kigeuzanjia huku umeme ukiendelea kupita bila madhara. Hizo huhitaji swichi ya kawaida ya pande mbili, na kwa hizo neno "kitufe" ni kosa.