Mchango wa Idara ya Saikolojia ya Chuo Kikuu cha Howard katika Hukumu ya Brown, 1928–1954

Tarehe 17 Mei 1954, Mahakama ya Juu ya Marekani, chini ya Jaji Mkuu Earl Warren, iliamua kwa kauli moja kwamba kuwatenganisha wanafunzi wa shule za umma kwa misingi ya rangi ni kinyume cha katiba. Katika tanbihi ya 11 ya hukumu hiyo yametajwa maandishi ya wanasayansi ya jamii, na la kwanza kati yake ni la mwanasaikolojia Kenneth Clark. Kwa kuwa Clark na mkewe, Mamie, walipata shahada za uzamivu katika Chuo Kikuu cha Columbia, ni rahisi kuuhusisha utafiti wao na chuo hicho. Insha hii inadai kwamba utafiti huo ulichipuka kwanza katika idara isiyotoa shahada ya uzamivu, yaani Idara ya Saikolojia ya Chuo Kikuu cha Howard, jijini Washington.

Mjenzi wa idara hiyo alikuwa Francis Cecil Sumner. Mwaka 1920 Sumner alitunukiwa shahada ya uzamivu na Chuo Kikuu cha Clark kwa tasnifu kuhusu nadharia za Freud na Adler, akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kufikia kiwango hicho katika saikolojia. Alijiunga na Howard mwaka 1928. Aliamini kuwa wanafunzi Weusi hawangeweza kuandaliwa ipasavyo iwapo saikolojia ingebaki tawi la masomo mengine. Mwaka 1930 idara ikawa inajitegemea. Sambamba na ufundishaji, aliandika ikisiri za makala za Kifaransa, Kijerumani na Kihispania kwa ajili ya majarida ya kitaaluma.

Matunda ya kazi hiyo yanaonekana kwa wanafunzi wake. Kenneth Clark aliingia Howard akikusudia kusomea udaktari, lakini masomo ya Sumner yalimgeuza. Mamie Phipps, aliyeanza na hisabati na fizikia, alihamia saikolojia kwa ushawishi wa Kenneth. Mwaka 1938 Mamie alifanya kazi katika ofisi ya wakili William Houston, ambako aliwaona mawakili wakiandaa mashauri ya kupinga utengano. Mwaka uliofuata alikamilisha tasnifu yake ya uzamili kuhusu namna watoto Weusi wa shule za awali wanavyojitambua. Watoto walioneshwa michoro ya wavulana Weusi na Weupe, wakaulizwa ni nani kati yao aliyewawakilisha. Majaribio mashuhuri ya wanasesere yalitokana na swali hilohilo.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1947 yalihusu watoto 253 wenye umri wa miaka 3 hadi 7: 134 wa Arkansas, waliosoma katika shule za utengano, na 119 wa Springfield, Massachusetts, waliosoma katika shule za mchanganyiko. Takriban thuluthi mbili walipendelea kucheza na mwanasesere mweupe. Hata hivyo, watoto wa Kaskazini walimchagua kwa wingi zaidi kuliko wale wa Kusini. Tofauti hiyo inadhoofisha dai kwamba majaribio yalipima athari za shule peke yake. Inachothibitisha ni jambo pana zaidi: dharau ya kijamii ilimfikia mtoto hata pale ambapo sheria haikumtenga darasani.

Sumner alifariki Januari 1954, miezi minne kabla ya hukumu kutolewa. Hakutajwa katika tanbihi ile, wala hapakuwa na sababu ya kisheria ya kumtaja. Lakini mwanahistoria wa taaluma hana budi kupima kwa kipimo kingine. Idara ikihesabiwa kwa idadi ya shahada za uzamivu ilizotoa, Howard ya wakati wa Sumner haina hesabu. Ikihesabiwa kwa maswali ambayo wanafunzi wake waliondoka nayo, basi Columbia iliwapokea watafiti ambao tayari walijua wanachokitafuta. Aidha, swali lenyewe lilitoka kwa mwanafunzi wa uzamili, mwanamke, katika chuo ambacho sehemu kubwa ya wanafunzi na walimu walikuwa wakiishi chini ya utengano walioufanyia utafiti.