Nyuma ya Mgongo wa Mtu

Mimi huhariri filamu za kumbukumbu. Nikiletewa picha moja ya mnato ili nimbandue mtu na ukuta aliouegemea, kamera ipite kando yake, taabu huwa si mtu yule bali kile alichokiziba. Ukimkata na kumsogeza, nyuma yake panabaki shimo. Kwa macho yangu, historia ya kazi hii ni historia ya shimo hilo.

Wachoraji wa Walt Disney hawakulijua. Katika katuni yao The Old Mill ya mwaka 1937, kamera ilitazama chini kupitia vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kila kioo na mchoro wake. Vya karibu vikisogea haraka kuliko vya mbali, jicho linaona kina. Lotte Reiniger alikuwa amekwisha kupanga vioo namna hiyo Ujerumani miaka ya 1920, na inaniuma anavyosahaulika. Lakini hao wote walitengeneza kila tabaka wenyewe. Mti uliojificha nyuma ya nyumba ulikuwepo.

Picha ya kamera haikupi mti huo. Mwaka 1957 Colin Low na Wolf Koenig wa Kanada walitoa City of Gold, filamu iliyojengwa juu ya picha za wachimba dhahabu wa Klondike. Kamera yao inateleza taratibu juu ya nyuso za wale watu, na bado hunisisimua. Ila inateleza juu ya karatasi, haiingii ndani.

Kuingia kulikuja mwaka 1997, Youichi Horry na wenzake wawili kutoka Japani walipoonyesha mbinu yao Los Angeles. Unaiambia kompyuta mahali mistari ya barabara au ya dari inapokutania kwa mbali. Kutoka nukta hiyo picha inagawanywa kuwa sakafu, dari, kuta mbili za ubavuni na ukuta wa mwisho: boksi lililo wazi mbele. Watu wanakatwa, wanasimamishwa sakafuni kama vibao, kisha kamera inapita katikati yao. Pale walipokatwa, mtu alipaka rangi kwa mkono, akibuni ukuta tofali kwa tofali.

Mwaka 2005 Derek Hoiem na wenzake huko Pittsburgh waliifundisha kompyuta kutambua yenyewe ardhi, anga na vilivyosimama. Leo hata simu hukadiria umbali wa kila kitu pichani na kuliziba shimo kwa sekunde chache, kwa kubuni kutokana na mamilioni ya picha za kwingine.

Hapo ndipo ninapogoma. Kwenye picha ya zamani ya Mji Mkongwe, Unguja, nyuma ya muuza kahawa programu huniwekea mlango wowote tu, usio na nakshi ya nyumba ile. Basi natafuta picha nyingine ya kichochoro kilekile. Nisipoipata, namwambia mtayarishaji kwamba kamera haitamzunguka mzee huyu. Itamkaribia kidogo kutoka mbele, basi.