Kitabu cha Viboko

Kanuni za nidhamu shuleni za mwaka 1972 ziliitaka kila shule ya Kenya iweke kumbukumbu ya viboko kwa maandishi. Mwanafunzi angechapwa baada ya kosa lake kuchunguzwa kikamilifu. Angechapwa na mwalimu mkuu peke yake, mbele ya shahidi, mbali na macho ya wanafunzi wengine. Mvulana kwenye makalio, msichana kwenye kiganja. Visizidi sita. Halafu yote yaandikwe.

Kama ulisoma shule ya umma hapa kwetu, najua unacheka. Shirika la Human Rights Watch lilipochapisha ripoti yake kuhusu viboko nchini mwaka 1999, lilikuta mambo tunayoyajua wote: walimu wa kawaida wakichapa darasa zima, kwa kuchelewa, kwa kelele, kwa sare chafu au iliyoraruka, kwa kufeli hesabu. Nani angeandika hayo yote? Mwalimu angeshinda kwenye daftari na somo lisifundishwe.

Lakini mimi hiki kitabu hakinitoki kichwani. Watu wakiuliza kama Kenya iko tayari kuzuia dhuluma dhidi ya watoto, kawaida huwa wanahesabu sheria, na kwa sheria tuko sawa kabisa, tuna zaidi ya jirani wengi. Mimi nimejipa kazi nyingine. Naangalia madaftari. Nani aliandika yaliyompata mtoto, na baada ya kuandika alifanya nini.

Sheria ya kwanza ya watoto ya Kenya huru, ya mwaka 1963, ilizungumzia mtoto anayehitaji "ulinzi au nidhamu". Maneno hayo mawili yaliwekwa pamoja kama mapacha. Mahakamani kesi hizo zilijulikana kwa herufi P na D, na hapo ndipo shida yote ilipo. Mtoto aliyetoroka nyumbani kwa sababu anapigwa na yule aliyeokotwa mitaani kwa kuzurura wangeweza kuingia kupitia mlango huohuo, wakaandikwa herufi zilezile na kuishia kwenye seli moja. Chokoraa wa Nairobi wa miaka ya tisini walikamatwa kwa misako, kosa lao kubwa likiwa kukosa pa kulala. Serikali ya mkoloni ilikuwa na shule za kurekebisha tabia, kama ile ya Kabete, kabla haijawa na ofisi yoyote ya maana ya kumlinda mtoto wa Kiafrika. Sisi tulirithi majengo, na fikra zake pia.

Mwaka 1990 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ikiwa miongoni mwa nchi za mapema. Ikachukua zaidi ya miaka kumi kupata sheria ya kuutekeleza. Hatimaye 2001 ikafika na vitu viwili. Tangazo la Kisheria namba 56 lilizifuta zile kanuni za 1972, kiboko kikapigwa marufuku shuleni. Na Bunge likapitisha Sheria ya Watoto, nzuri kweli, iliyofanya ukatili na kumtelekeza mtoto kuwa kosa la jinai. Ndani ya kifungu hichohicho cha ukatili, cha 127, kukawekwa mstari mmoja mdogo: mzazi au mlezi asinyimwe haki yake ya kutoa adhabu ya kiasi. Kiasi gani? Haikusemwa. Angalau watu wa 1972 walitaja sita.

Mimi nilianza darasa la kwanza mwaka 2006, miaka mitano baada ya marufuku. Hiyo habari haikuwa imefika shuleni kwetu, ama ilifika ikakaa ofisini. Mwalimu mmoja alikuwa na kipande cha mpira wa maji alichokiita Daktari, na ukimsikia akisema "leo utaona Daktari" unaanza kuhema. Wazazi walijua. Wengine walikuja kumwambia aongeze. Tofauti kati yetu na waliotutangulia ni kwamba sasa hapakuwa hata na wajibu wa kuandika. Kitu kilichokatazwa hakina daftari. Mwanahistoria atakayetafuta viboko vya 2006 kwenye rekodi za shule atakuta kimya, na asipokuwa makini atadhani tulikuwa na amani.

Mwaka huohuo wa 2006 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Ngono, iliyopelekwa na Njoki Ndung'u. Ni sheria kali: anayemnajisi mtoto wa miaka kumi na mmoja au chini anafungwa maisha. Sheria ya ushahidi nayo inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa pekee, ikiridhika kwamba anasema kweli. Kwenye karatasi ungesema kazi imekwisha.

Basi twende Meru. Oktoba 2012, wasichana kumi na mmoja, pamoja na shirika la Ripples International lililokuwa likiwahifadhi watoto kama hao, waliwashtaki polisi katika Mahakama Kuu. Kumbuka, hawakuwashtaki waliowanajisi. Waliwashtaki polisi kwa kukosa kuchunguza. Kila Mkenya aliyewahi kupiga ripoti anajua inavyokuwa: gari halina mafuta, leta shahidi aliyeona kwa macho, rudi kesho. Tarehe 27 Mei 2013, Jaji J. A. Makau aliamua kwamba polisi walikiuka haki za watoto hao kwa kutochunguza ipasavyo, akaamuru uchunguzi ufanywe. Kesi hii inajulikana kama ya wasichana 160, kwa hesabu ya waliokuwa nyuma ya wale kumi na mmoja.

Kwangu hii ndiyo hukumu muhimu kuliko sheria zote nilizozitaja, maana ilisema wazi kwamba afisa anayefunga OB anashiriki katika madhara. (Nilisoma sheria mwaka mmoja na nusu kabla ya kuacha chuo, na hakuna aliyetufundisha kesi hii. Niliikuta mwenyewe usiku, nikitafuta kitu kingine.)

Haimaanishi hakuna kilichobadilika. Katiba ya 2010 inamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, awe shuleni au nyumbani. Laini ya 116 inapigwa bure. Utafiti wa kitaifa wa 2010 uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 kuhusu utoto wao: asilimia 66 ya wasichana na 73 ya wavulana walikuwa wamepitia ukatili wa kimwili. Uliporudiwa 2019 zikashuka, karibu 39 na 52. Ukatili wa kingono kwa wasichana ulitoka asilimia 32 hadi karibu 16. Huo ni mteremko mkubwa, na tusiubeze. Mwaka 2022 sheria ya 2001 nayo ilifutwa, ikaja mpya, iliyopandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka minane hadi kumi na miwili.

Lakini tafiti hizo zilipima ukatili wa kimwili, wa kihisia na wa kingono. Kutelekezwa hakumo kwenye hizo asilimia. Na hilo ndilo linalojaza foleni. Pita ofisi ya watoto asubuhi ya Jumatatu, utawakuta akina mama kwenye benchi, mtoto mgongoni, mwingine mkononi. Baba ameacha kutuma pesa ya chakula, karo haijalipwa, simu haishiki. Afisa anaandika. Daftari lipo, limejaa, na mwandiko ni mzuri. Kisha anaandika barua ya kumwita baba, anaigonga muhuri, na kama hakuna gari wala mtu wa kuipeleka, anamkabidhi mama aipeleke mwenyewe.