Ukuta wa bibi, mifuko sita ya saruji na siri za nyumba za kale

Najua nimepotea karibu mwezi mzima, mitihani ilinibana kweli kweli, nisameheni. Siku niliyomaliza karatasi ya mwisho nilifunga begi, nikapanda boti hadi Unguja kumuona bibi. Nilikwenda kula na kulala tu. Badala yake nimerudi chuoni na somo la historia ambalo sijawahi kulisikia darasani, na naona nisipoliandika leo nitalisahau.

Bibi anaishi Mji Mkongwe, kwenye nyumba ya mawe ya ghorofa mbili. Chumba cha chini upande wa nyuma wanalala watoto wa mjomba, watatu. Nilipoingia humo nikaona ufa mpya umetoka kwenye kona ya dirisha umepanda hadi darini, na plasta chini imevimba kama chapati. Mjomba alikuwa ameshanunua mifuko sita ya saruji, imepangwa ukumbini. Mpango wake ni kukwangua, kupiga plasta nzito, kupaka rangi, basi.

Jioni akaja fundi mmoja mtu mzima, rafiki wa marehemu babu, kunywa kahawa barazani. Bibi akamwomba atupie jicho. Mzee hakuangalia ufa hata kidogo. Alichukua nyundo, akaigeuza, akawa anagonga ukuta kwa mpini, pole pole, toka mlangoni hadi kona. Mwanzo sauti ilikuwa nzito. Karibu na kona ikawa kama unagonga mtungi mtupu. Akamgeukia mjomba: "Huu una maji ndani. Hiyo simiti yako utaifunika donda bichi."

Mjomba hakufurahi. Mimi nikakosa usingizi, maana watoto walikuwa wamelala chini ya ukuta ule ule. Basi siku zilizofuata nikawa nazunguka na yule mzee, namuuliza, nasoma, narudi kumuuliza tena. Nilichojifunza ni hiki: ugonjwa wa nyumba ya zamani ni historia yake. Kila zama zimeacha kitu ndani ya ukuta, na mara nyingi kinachoumiza ni kile kilicholetwa kama dawa.

Tuanze mwanzo. Nyumba za Mji Mkongwe, kama zile za Lamu na miji mingine ya mwambao wetu, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Ukuta ni mnene, nusu mita na zaidi, lakini usidanganyike ukadhani ni jiwe tupu. Mara nyingi kuna uso wa nje na uso wa ndani, na katikati vimejazwa vifusi na udongo wa chokaa. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe kwa kuni, kisha kuyazima kwa maji. Juu ya kuta ndipo zilipolazwa boriti za mikoko, na boriti haziwezi kuvuka nafasi kubwa, ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba. Juu ya boriti wakapanga mawe, juu ya mawe wakashindilia chokaa na kokoto. Hiyo ndiyo sakafu.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye siri. Boriti hazibebi sakafu tu. Vichwa vyake vimezama ndani ya kuta mbili zinazotazamana, kwa hiyo ndizo zinazoshikanisha kuta hizo zisiachane. Kichwa kikioza, sakafu inabaki imening'inia pembeni na ukuta wa nje unakuwa huru kuegemea nje. Nawe ukiwa umekaa chumbani unatazama katikati ya boriti, unaiona nzima, nyeusi, ngumu kama chuma. Kumbe imekwisha mahali usipopaona.

Kinachoozesha ni maji, na mchwa wanaofuata unyevu. Maji yanatoka juu kwenye paa lililotoboka na mifereji iliyoziba, yanapanda toka chini ardhini, na yanavuja ubavuni. Zamani kulikuwa na dawa mbili. Ya kwanza ni chokaa yenyewe. Plasta ya chokaa inapumua: ukuta ukinywa maji masika, unayatoa polepole kiangazi. Ya pili ni mwenye nyumba. Kila baada ya muda fulani ukuta ulipakwa chokaa upya, paa likatazamwa, boriti mbovu ikabadilishwa. Nyumba hizi hazikujengwa ziachwe. Zilijengwa zitunzwe.

Halafu zama zikabadilika. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliuletea mji maji ya bomba kutoka chemchemi. Neema kubwa, hakuna ubishi. Lakini bomba likishaingia ndani ya nyumba, maji nayo yameingia kukaa. Kisha yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Wenye nyumba wengi waliondoka, nyumba nyingi zikachukuliwa na serikali, na jumba lililojengwa kwa ajili ya familia moja likagawiwa familia nne au tano. Watu walipata pa kuishi na kodi ilikuwa ndogo, na kwa mtu aliyetoka kwenye kibanda hilo si jambo la kubeza. Lakini nani anatengeneza paa? Wa juu anasema si langu peke yangu, wa chini anasema sivujiwi. Wakati huo huo kila familia ilihitaji jiko na choo chake, basi vyoo na mabomba vikatiwa ghorofani, juu ya boriti ambazo hazikutarajia maji. Na nyumba ya jirani ikishaanguka, ukuta wako uliokuwa wa ndani unageuka wa nje: hauna wa kuegemea na mvua inaupiga moja kwa moja.

Ndipo ikaingia saruji. Saruji ya aina ya Portland ilisajiliwa Uingereza na Joseph Aspdin mwaka 1824. Huku kwetu kiwanda cha Bamburi, Mombasa, kilianza miaka ya 1950, na kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kikaanza kuzalisha 1966. Ikawa rahisi kupatikana, inakauka haraka, na inaonekana ya kisasa. Mafundi wa chokaa wakazeeka, vijana wakajifunza saruji. Simlaumu mtu, hata mimi ningefanya vivyo hivyo.

Tatizo ni kwamba saruji ni ngumu kuliko ukuta inaoufunika, na haipumui kama chokaa. Maji yaliyomo ndani yanakosa njia. Yanapanda juu zaidi, yanafika kwenye vichwa vya boriti. Chumvi iliyomo kwenye matumbawe na mchanga inayeyuka, kisha maji yakikauka inajijenga kuwa chembe ngumu zinazosukuma na kubomoa. Udongo wa chokaa ndani unageuka unga. Nje unaona ukuta laini, mweupe, mzuri wa kupigia picha ya harusi! Miaka michache baadaye plasta inavimba, inabanduka kipande kizima. Watu wanasema saruji ilikuwa mbovu, wanapiga nyingine, nzito zaidi. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mzee alipobandua kipande kidogo tulikuta plasta mbili za saruji, moja juu ya nyingine, na nyuma yake mchanga mtupu unaomwagika.

Mtu atasema nyumba ya bibi ni ndogo, haina pesa, ndiyo maana. Sasa mtazameni Beit al-Ajaib. Barghash aliijenga mwaka 1883, jumba la sherehe, refu kuliko yote mjini. Ndani yake matumbawe na boriti vilichanganywa na nguzo za chuma, mihimili ya chuma na zege, vitu vipya kabisa kwa wakati ule. Ndilo lililotangulia Zanzibar kuwa na taa za umeme. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliupiga mji mizinga kwa dakika zisizozidi 45, kasri la jirani, Beit al-Hukm, likaharibiwa vibaya, na Beit al-Ajaib ikabaki imesimama. Baadaye ikawa ofisi za serikali ya Waingereza, na baada ya miaka mingi ikawa makumbusho. Mji Mkongwe ulipoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, jumba hilo ndilo lililokuwa sura yake. Mwaka 2012 kona ya roshani zake ikaanguka. Jumba likafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati uliofadhiliwa na Oman ukiwa unaendelea, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walipoteza maisha.

Sitaki kujifanya mhandisi nikatoa hukumu hapa. Nasema tu kwamba jumba lililovumilia mizinga lilianguka likiwa mikononi mwa watu wanaolitengeneza. Nyumba ya zamani inaweza kukuua siku unayoitibu, kama hujajua kwanza ni kitu gani kinachoishikilia.

Na si ukuta tu. Zama za kisasa zimeacha na sumu. Ya kwanza ni risasi, namaanisha madini ya risasi kwenye rangi za mafuta. Mwaka 1904 daktari wa Brisbane, Australia, aitwaye Lockhart Gibson, alieleza kwamba watoto wa Queensland wanapata sumu kutokana na rangi za kuta na za vizuizi vya varanda. Rangi ilikuwa inachakaa kuwa unga, watoto wanaushika, wanalamba vidole. Pamoja na hayo, Marekani haikuipiga marufuku rangi hiyo majumbani hadi 1978. Sasa fikirieni roshani na milango yetu ya zamani, rangi juu ya rangi, tabaka za miaka 60 au 80. Kwa macho huwezi kujua ipi ina risasi. Mjomba alikuwa amepanga kupiga msasa mkavu roshani yote, watoto wakicheza chini. Vumbi la risasi huathiri ubongo wa mtoto, na uharibifu huo haurudishwi.

Ya pili ni asbesto. Hii naijua kwa karibu. Katika hosteli moja ya zamani niliyowahi kukaa, dari lilikuwa la shiti za kijivu, na siku moja alikuja fundi kutoboa afunge feni. Vumbi likatumwagikia vitandani, tukacheka, tukakung'uta mashuka. Leo sicheki. Shiti za saruji na asbesto zilibuniwa na Ludwig Hatschek wa Austria, aliyepata hataza yake mwaka 1901. Zilipendwa duniani kote kwa sababu haziungui, hazipati kutu na ni rahisi. Asbesto yenyewe ilichimbwa hata huku Afrika, Zimbabwe na Afrika Kusini. Nyumba nyingi za serikali, shule na hospitali za Afrika Mashariki ziliezekwa kwa shiti hizo. Ikaja kujulikana kwamba nyuzi zake, ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, zikiingia mapafuni hukaa humo, na saratani inaweza kutokea baada ya miaka 20, 30 au 40. Uingereza iliipiga marufuku kabisa 1999, Afrika Kusini 2008.

Msiogope kupita kiasi lakini. Shiti nzima isiyoguswa haina hatari kubwa. Hatari inaanza unapoikata, kuitoboa, kuivunja au kuisugua kwa brashi ya waya. Kwa hiyo usiitupe toka juu ya paa, usifagie vumbi lake likiwa kavu, na usichukue vipande ukajengee banda la kuku. Ilowanishe, wafukuze watoto, tafuta wanaojua kazi na waulize wa mazingira itazikwa wapi. Nguo za kazini zisirudi nyumbani, kwani duniani wako wake na watoto walioumwa kwa nguo za baba tu.

Haya, na ukuta wa bibi je? Kwanza, watoto wamehamishwa usiku ule ule, wanalala na bibi juu upande wa mbele. Pili, boriti zimeegemezwa kwa magogo kutoka chini, kabla hata ya kugusa plasta. Mzee alisisitiza: shikilia kwanza, bandua baadaye, na usibandue ukuta wote kwa siku moja. Tatu, tukatafuta maji yanatoka wapi. Yalitoka kwenye bomba la choo cha ghorofani, lililofichwa ndani ya plasta, linavuja toka sijui lini. Nne, ukuta uachwe ukauke, kisha utomewe kwa mawe madogo na chokaa, boriti mbili zibadilishwe. Na kwa vile mji ni wa hifadhi, ruhusa iombwe kwenye mamlaka yake kabla. Msasa mkavu umefutwa, rangi italowanishwa ndiyo ikwanguliwe.

Gharama ni kubwa kuliko mifuko sita, na pesa hiyo hatunayo yote. Mjomba na bibi bado wanavutana. Mjomba anasema tuuze. Siku ninaondoka nilimwamkia bibi, akaitikia marahaba, kisha akanishika mkono akaniuliza: "Mwanangu, wewe unayesoma historia, nyumba hii ina miaka mingapi?" Nikaona haya, maana sijui. Nikamwambia nitatafuta. Akasema, "Tafuta. Na utafute nani alipitisha lile bomba."

Basi ndiyo kazi niliyopewa likizo hii. Na nyie mnaoishi nyumba za kale, kabla hamjaita fundi, gongeni ukuta kwanza, halafu muulizeni mzee aliyekaa humo muda mrefu kuliko wote. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.