Kilima cha Maho Bay kilikuwa na wenyewe

Kila kitu kilibebwa kwa mkono. Mbao, misumari, turubai, mabomba, masinki, hata vyoo. Mwaka 1976, Stanley Selengut, mwekezaji kutoka New York, alipoanza kujenga hoteli kwenye kilima kinachotazama ghuba ya Maho, kaskazini mwa kisiwa cha Saint John katika Karibi, hakuleta tingatinga. Mashimo ya nguzo yalichimbwa kwa mikono. Kwanza vilijengwa vijia vya mbao vilivyoinuliwa juu ya ardhi, kisha mafundi wakapita juu ya vijia hivyo hivyo wakibeba vifaa vya hema la kwanza, halafu la pili. Mabomba ya maji na nyaya za umeme hazikufukiwa. Zilifungwa chini ya vijia. Alianza na mahema machache. Miaka ikaenda, yakafika 114.

Unaweza kudhani ni uchu wa kubana pesa, na labda ulikuwepo, maana hema ni rahisi kuliko nyumba ya mawe. Lakini kulikuwa na hesabu nyingine. Saint John ni kisiwa cha milima inayoteremka moja kwa moja hadi baharini. Ukikwangua majani mlimani ili upitishe lori, mvua ya kwanza itabeba udongo wote hadi kwenye maji. Matumbawe ni wanyama wadogo wanaoishi pamoja na mwani, na mwani unahitaji mwanga. Udongo ukitanda juu yao, basi. Matumbawe yakifa samaki wanahama, na mtalii aliyekuja na miwani yake ya kupigia mbizi anabaki anatazama tope. Yaani hoteli ya ufukweni inaweza kujiua yenyewe siku ile inapojengwa. Selengut aliliona hilo miaka mingi kabla ya neno "ikolojia" kuanza kubandikwa kwenye kila kibao cha hoteli.

Kulala pale kulikuwaje? Hema lilikuwa na futi 16 kwa 16, limekaa juu ya jukwaa la mbao, kuta zake ni kitambaa na wavu. Upepo wa bahari ndio uliokuwa kipoza hewa. Ndani kitanda, meza, jiko dogo, kisanduku cha kuwekea barafu. Choo na bafu ni vya pamoja, unatembea kwenye kijia na tochi usiku. Ukitaka kuoga unavuta mnyororo, maji baridi yanamwagika; ukiuachia, yanakatika. Kisiwa hakina mto wa kutegemea, kwa hiyo huko watu wamezoea kukinga mvua ya paani na kuihifadhi kwenye matangi, na ukijua maji yalikotoka huyachezei. Mgeni anayeondoka aliacha kwenye rafu nusu ya pakiti ya tambi, mafuta ya kupikia, kitabu alichomaliza; mgeni anayeingia akajichukulia. Chupa za bia ziliyeyushwa kwenye karakana ya vioo palepale, zikafinyangwa kuwa vyombo na mapambo, zikauzwa. Wamarekani wengine walifanya kazi saa nne kwa siku, bila mshahara, ili walale bure kwa wiki kadhaa.

Mahali pa raha, bila makuu. Ningelala pale bila kujiuliza mara mbili, kama nauli ingekuwepo.

Ila kuna jambo linalonikera kuhusu namna sehemu kama hii inavyosimuliwa. Niliwahi kufanya kibarua kwenye hoteli moja ya pwani ya kusini hapa kwetu, ile miezi ya mwanzo baada ya kuacha chuo. Kila chumba kilikuwa na kikaratasi kinachomwomba mgeni atumie taulo lake mara mbili ili aiokoe bahari. Wageni walipouliza hapa palikuwa na nini zamani, tulifundishwa kujibu: msitu tu. Mzee aliyekuwa akikata nyasi alisikia jibu hilo kila siku. Siku moja akanionyesha safu ya minazi nyuma ya jiko, imenyooka kama imepigiwa kamba. "Msitu gani unajipanga mistari?" akaniuliza.

Saint John nao unaambiwa ni msitu tu. Panda mlima wowote utakuta kuta fupi za mawe zimezunguka mteremko kama ngazi, mizizi imezikumbatia. Hayo ni matuta ya mashamba. Wadenmark walikishika kisiwa mwaka 1718, wakakigawa, wakapanda miwa na pamba, na waliopanda hasa ni Waafrika waliouzwa kutoka pwani ya Guinea. Miti mikubwa ya asili ilikatwa karibu yote. Estate ya Maho Bay, pale mahema yalipokuja kusimama, ilikuwa shamba kama mengine. Jina lenyewe, maho, ni la mti wa ufukweni, jamaa ya mtakawa wetu.

Kufikia 1733 kisiwa kilikuwa na watumwa zaidi ya elfu moja na watu weupe kama mia mbili. Mwaka huo ulikuwa mbaya: ukame, kimbunga, wadudu waliokula mimea, na watumwa ndio walioachwa na njaa. Septemba, gavana Philip Gardelin akatoa sheria mpya ya adhabu kwa watoro: kuchomwa kwa chuma cha moto, kukatwa mguu, kunyongwa. Wengi wa waliokuwa wameletwa miaka hiyo walikuwa Waakwamu, watu wa dola iliyokuwa imeshindwa vitani mwaka 1730 katika nchi ambayo leo ni Ghana. Hawa walikuwa watu waliozoea kutawala.

Tarehe 23 Novemba 1733, kundi lao likaingia kwenye ngome ya Coral Bay likiwa limebeba kuni, kama kawaida. Ndani ya matita ya kuni kulikuwa na visu vya kukatia miwa. Wanajeshi wakauawa, isipokuwa mmoja aliyejificha chini ya kitanda, kisha mzinga ukapigwa ili mashamba mengine yajue kazi imeanza. Miongoni mwa viongozi alikuwemo mwanamke, Breffu. Walikishika sehemu kubwa ya kisiwa kwa miezi. Wadenmark walijaribu wakashindwa, Waingereza wa jirani wakajaribu wakashindwa. Mpaka walipoletwa wanajeshi Wafaransa kutoka Martinique, majira ya kuchipua ya 1734, ndipo uasi ukavunjwa. Wengi wa wapiganaji walijiua kuliko kurudishwa shambani.

Nasimulia haya kwa sababu yalitokea kwenye vilima vilevile. Ukitoka Maho ukafuata pwani kuelekea mashariki, si mbali, unafika Annaberg, magofu ya kiwanda cha sukari chenye mnara wa kinu cha upepo. Kuta zake ni mawe ya mlimani, matofali yaliyokuja kwa meli, na matumbawe yaliyokatwa baharini. Chokaa ilichomwa palepale. Mtu wa Lamu au Gede ataitambua kazi hiyo bila kuelezwa, ingawa huku wajenzi walikuwa na mwenyeji mwingine. Kutoka Annaberg kisiwa cha Tortola unakiona kwa macho. Tortola ulikuwa wa Waingereza, na Waingereza walipofuta utumwa miaka ya 1830, ng'ambo ile ya maji ikawa uhuru. Kuna waliovuka usiku.

Uhuru wa upande wa Wadenmark ulikuja tarehe 3 Julai 1848, baada ya maelfu ya watumwa kukusanyika Frederiksted, kisiwani Saint Croix, na kumlazimisha gavana Peter von Scholten autangaze. Baada ya hapo sukari ya Saint John ikadhoofika, mabwana wakaondoka, na waliobaki ni wajukuu wa watumwa. Walilima vishamba, wakavua, wakachoma makaa, wakasuka vikapu, wakachuma majani ya kutengenezea manukato. Miti ikarudi juu ya matuta. Huo ndio "msitu wa asili".

Mwaka 1917 Marekani ikavinunua visiwa hivyo kwa dola milioni 25 za dhahabu. Denmark walipiga kura ya maoni kuhusu mauzo hayo. Waliokuwa wakiuzwa pamoja na ardhi hawakuwemo kwenye kura hiyo. Uraia wa Marekani waliusubiri miaka kumi, na mpaka leo mkazi wa visiwa hivi hampigii kura rais.

Halafu akaja Laurance Rockefeller, tajiri mwana wa tajiri. Mwaka 1952 alinunua Caneel Bay akajenga hoteli ya watu wa tabaka lake, na akanunua ardhi nyingine, zaidi ya ekari 5,000, akaitoa kwa serikali. Ndiyo ikawa Hifadhi ya Taifa ya Virgin Islands, mwaka 1956, na leo inachukua zaidi ya nusu ya kisiwa. Siwezi kumbeza kabisa. Bila hifadhi hiyo Saint John ungekuwa zege tupu. Lakini mwaka 1962 ulipelekwa Bungeni Washington mswada ambao ungeiwezesha serikali kuchukua ardhi za wenyeji kwa nguvu ili kupanua hifadhi, na wenyeji wakapaza sauti mpaka kifungu hicho kikaondolewa. Watu wasiozidi elfu chache, dhidi ya Rockefeller. Habari hiyo huikuti kwenye vipeperushi vya watalii.

Kwa hiyo Selengut alipofika 1976, alikodi kilima ambacho kilikuwa na hadithi ndefu kuliko vijia vyake. Na alikodi tu. Ardhi ilikuwa ya wengine. Nadhani hapo ndipo ustaarabu wa hema ulipomfaa kuliko alivyopanga. Alijenga kama mtu anayejua ataondoka. Lizi ilipoisha, wenye ardhi walitaka kuuza, bei ilikuwa ya mamilioni ya dola, na Mei 2013 Maho Bay Camps ikafungwa. Wageni waliokuwa wakirudi kila mwaka na watoto wao waliomboleza kana kwamba wamefiwa.

Caneel Bay nayo iliangushwa na kimbunga Irma, tarehe 6 Septemba 2017. Rockefeller alikuwa ameikabidhi ardhi ya hoteli ile kwa hifadhi mwaka 1983 kwa masharti kwamba hoteli iendelee kuitumia kwa miaka 40. Muda huo uliisha Septemba 2023, na wenyeji wamekuwa wakiuliza mapema sana pale pajengwe nini sasa, na kwa ajili ya nani.

Kisheria, tangu 1971, ufuo wote wa Virgin Islands ya Marekani ni wa umma. Hakuna anayeweza kukufukuza mchangani. Kulala ndiyo shida. Bei ya ardhi Saint John imepanda hivi kwamba wengi wanaofanya kazi kwenye hoteli na mikahawa yake wanaishi kisiwa cha pili, Saint Thomas. Jioni, kwenye gati ya Cruz Bay, feri inashusha watalii wenye masanduku ya magurudumu, kisha inawapakia wapishi, wafua nguo na wasafisha vyumba, inawarudisha kwao.