Tembo la Mnazi na Mji wa Dar es Salaam: Habari za Mashamba ya Kinondoni na Temeke

Katika kitabu hiki cha jubilei wengine wamewaandikia habari za makanisa yaliyojengwa, za shule, na za watu waliotutangulia. Yafaa ziandikwe pia habari za kazi zilizowalisha watu hao, maana sadaka za kanisani na karo za watoto hazikushuka kama mana. Zilitoka katika jembe, na wavu, na mnazi. Mimi nimeuchagua mnazi, na katika mambo ya mnazi nimelichagua lile ambalo watu huona haya kulitaja mbele ya mwalimu, yaani tembo. Sitaki kulisifu, kwani wahenga walikwisha kutuonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nataka tujue jinsi biashara hii ilivyoota kando ya mji wetu, ikawapa watu wengi riziki, na kwa sababu gani mji ule ule ulioiotesha ndio ulioing'oa.

Kwanza tuutazame mti wenyewe. Mnazi ni mti wa subira. Ule mrefu wa asili ya pwani yetu hukaa miaka sita hata minane ndipo uzae. Ukisha kuanza, hutoa karara moja karibu kila mwezi, na ndani ya karara mna kole lenye maua. Ua likishika huwa kidaka, kisha kitale, kisha dafu, kisha koroma, na mwisho nazi. Safari hiyo yote yapata mwaka mzima. Mti uliotunzwa huendelea kuzaa hivyo miaka sitini na zaidi. Basi mwenye kupanda mnazi hupanda kwa ajili ya wanawe na wajukuu zake.

Mgema huliwahi karara kabla halijapasuka. Hulifunga kwa kamba lisifunuke, hulipigapiga na kuliinamisha kidogo kidogo kwa siku kadha wa kadha, kisha hulikata ncha kwa kotama, kile kisu chake kipana chenye makali mengi, akatundika kibuyu chini yake. Maji matamu ambayo yangalikwenda kulisha nazi hudondoka kibuyuni. Kila asubuhi na kila jioni sharti apande tena, amimine alichopata, na kuukata ubale mwembamba mahali pale pale, maana jeraha likikauka maji hukoma. Mti mzuri hutoa lita moja hata mbili kwa siku. Mwenye kugema minazi kumi hupanda na kushuka mara ishirini kila siku, Jumapili na sikukuu pia, na akianguka mara nyingi hana wa kumlipa.

Hapo ndipo penye hesabu ya mkulima, na kila aliyekuwa na mnazi alikuwa na sharti kuifanya: karara lililogemwa halizai nazi. Mwenye mti hawezi kupata vyote viwili katika kole moja. Achague nazi ya mwaka ujao, au tembo la jioni ya leo.

Tutazame upande wa nazi. Mti wa kawaida wa pwani huzaa kama nazi 40 hata 60 kwa mwaka. Ili kupata tani moja ya mbata, yaani nazi zilizokaushwa kwa kukamuliwa mafuta, zahitajiwa nazi 5,000 au 6,000; maana yake minazi 100 kwa mwaka mzima. Mwenye shamba kubwa aliweza kungoja. Lakini mtu wa Mtoni, Mbagala, Msasani au Kunduchi mwenye minazi 20 alipata nazi 1,000 tu, nazo hazikuja pamoja, bali kwa mavuno machache yaliyopishana miezi. Kati ya mavuno na mavuno palikuwa na kodi, na mgonjwa, na mtoto wa kupeleka shule. Tembo ndilo lililojaza pengo hilo, kwa kuwa lilileta fedha kila siku. Kwa sababu hiyo wenye busara hawakugema minazi yao yote. Waligema michache, wakaipumzisha, wakahamia mingine, na iliyobaki waliiacha izae.

Ila tembo lina kasoro moja kubwa, nayo ndiyo ufunguo wa habari hii yote: halingoji. Likidondoka huwa tamu kama maji ya sukari, lakini chachu iliyomo hewani na ndani ya kibuyu huanza kazi saa ile ile. Lililogemwa alfajiri, adhuhuri limekwisha kuwa kali, na kileo chake hufika sehemu nne au tano katika mia. Kesho yake huanza kugeuka siki. Akina mama wa pwani walijua kuitumia chachu hiyo kwa kuumulia unga wa vitumbua na mikate, na siki yake kwa mapishi. Wengine walilipika tembo na kukusanya mvuke wake wapate zarambo, kileo kikali ambacho serikali ilikikataza. Lakini tembo lenyewe, lile la kunywewa, sharti linywewe siku ile ile.

Basi mbata yaweza kutoka Mafia kwa jahazi ikafika bandarini baada ya majuma bila kupungua thamani. Tembo haliwezi. Kwa hiyo mahali pake ni pale ambapo mtu aweza kushuka mtini alfajiri, akachukua mtungi kichwani au kwa baiskeli, akafika kwa wanywaji kabla ya jua la utosini. Mahali hapo ni pembeni mwa mji. Mtu wa mbali alikuwa na minazi lakini hakuwa na wanunuzi. Mtu wa katikati ya mji alikuwa na wanunuzi lakini hakuwa na minazi. Mtu wa kandokando alikuwa na vyote viwili.

Sasa tuone jinsi wanunuzi walivyokuja. Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Alipokufa mwaka 1870, ujenzi ulilegea. Mwaka 1891 Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, walihamishia hapa makao ya serikali yao kutoka Bagamoyo. Kuuzunguka mji palikuwa na mashamba ya minazi ya Waarabu, ya Wahindi na ya Wazungu, na katikati yake minazi ya Washomvi na Wazaramo, wenyeji wa nchi. Mwaka 1905 ilianzwa reli ya kwenda bara, ikafika Kigoma mwaka 1914. Kazi hiyo na ile ya bandari ilileta vibarua wengi wasio na shamba wala mke mjini, wenye mshahara mkononi na kiu jioni. Hao ndio waliokuwa soko la mgema. Mwaka 1916 Waingereza waliutwaa mji, na wapagazi wao wa vita wakapiga kambi pale ambapo jina lao limebaki hata leo, Kariakoo.

Habari ya nani mwenye mti na nani mwenye kugema nayo yataka kuelezwa. Wenye minazi wengi ni Waislamu, na dini yao imekikataza kileo. Wako waliokataa kabisa mti wao usiguswe na kotama, na wako waliomkodisha mgema mti wakapokea fedha. Tena katika desturi ya pwani, mti na ardhi ni vitu viwili. Mtu aliweza kuwa na minazi katika kiwanja ambacho si chake, akairithi au akaiuza. Hati haikuwapo, hati ilikuwa ni wazee waliokumbuka nani alipanda. Mambo kama hayo yaliandikwa vizuri na David Parkin katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu Wagiriama wa Kaloleni, nyuma ya Mombasa. Huko, tembo na mbata vilipoleta fedha, wenye bidii ya biashara walianza kununua minazi ya jirani zao, na bado waliwahitaji wazee wawe mashahidi wao, maana bila ushahidi wa mzee mti hauna mwenyewe.

Serikali nayo haikuliacha tembo hivi hivi. Waingereza walitaka mwenye kuuza awe na leseni, nayo sheria ya vileo ya mwaka 1968, baada ya uhuru, iliendelea na njia hiyo. Wala tusifiche ubaya wake. Fedha iliyoingia nyumba moja kwa mgema ilitoka nyumba nyingine kwa mnywaji, na mara nyingi aliyelipa ni mke na watoto waliolala bila mboga. Mwenye kuandika historia asiiandike faida peke yake.

Pia mnazi una adui zake. Yuko chonga, mdudu mwenye pembe atoboaye kilele cha mti mchanga. Yuko mdudu mdogo afyonzaye vidaka vikapukutika kabla ya wakati. Huyo hufukuzwa na majimoto, wale chungu wekundu waunganishao majani kuwa nyumba, ambao mkwezi huwachukia kwa sababu humuuma, naye hajui kwamba wanamlindia nazi zake. Lakini ulio mbaya kuliko yote ni ugonjwa wa kunyong'onyea. Nazi hupukutika, maua huwa meusi, makuti hugeuka rangi na kuanguka, na kwa miezi michache hubaki gogo tupu lililosimama kama nguzo ya simu. Dalili zake ziliandikwa katika nchi hii tangu mwaka 1905. Mwaka 1979 serikali ilianza mpango wa taifa wa kuendeleza minazi, kwa msaada wa Wajerumani, na makao ya utafiti yakawekwa Mikocheni, katika Kinondoni. Walijaribu aina nyingi zilizoletwa kutoka nchi za ng'ambo, na nyingi zilikufa. Baadhi ya ile mirefu ya kwetu ndiyo iliyoonyesha uvumilivu.

Walakini hakuna ugonjwa uliokata minazi ya Kinondoni na Temeke kama kiwanja cha nyumba. Mwaka 1957 Dar es Salaam ilikuwa na watu 128,742. Mwaka 2012 mkoa ulihesabiwa watu 4,364,541, na mwaka 2022 watu 5,383,728. Watu hao wote sharti walale mahali. Baada ya vita ya pili serikali ilijenga nyumba za Waafrika Temeke na Magomeni. Kisha watu wakajijengea wenyewe Mwananyamala, Mbagala, Mbezi na kuendelea. Palepale palipomfaa mgema kwa kuwa karibu na mji, ndipo palipomfaa mjenzi kwa sababu ile ile. Shamba likapimwa, mnazi ukahesabiwa, mwenyewe akapewa fidia mara moja kwa mti ambao ungalilisha wajukuu, na shoka likafuata. Mzee aliyekuwa shahidi wa mti hakuulizwa tena, kwa maana imekuja hati ya kiwanja. Bustani ya Mnazi Mmoja inatukumbusha kwa jina lake tu. Mgema amesukumwa kuelekea Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo, na tembo husafiri kwa madumu garini, kwa haraka, lisije likachacha njiani.

Mtu ataniuliza, mbona divai ya Dodoma imestawi, na tembo la pwani limefifia? Yafaa tulinganishe. Zabibu za Dodoma zilipandwa na wamisionari Wakatoliki huko Bihawana kabla ya uhuru, maana divai ya altare sharti itoke katika zabibu. Tembo, hata likiwa zuri namna gani, halikubaliwi. Nchi ile kavu huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Mchuzi wa zabibu ukisha kutengenezwa hukaa katika mapipa, husafirishwa, hutiwa chupani, na hungoja mnunuzi. Kwa hiyo shamba laweza kuwa Hombolo na mnywaji akawa Dar es Salaam, na mji haulitishi shamba. Hata hivyo mkulima wa zabibu naye ana tabu yake, kwani tunda bichi halingoji. Kiwanda kisiponunua kwa wakati, huoza mikononi mwake. Tofauti kubwa ya divai na tembo ni chombo na mahali pa kuhifadhia, si ladha. Mwenye kuweza kungojesha mazao yake ndiye apangaye bei.

Basi, ndugu zangu, na hasa ninyi walimu, wafundisheni watoto mambo matatu katika habari hii. La kwanza, wahesabu. Baba aliyegema minazi michache na kuiacha mingine izae aliishi na wanawe wakaridhi. Aliyegema yote alikula leo na kesho. La pili, wazee wenye kukumbuka mipaka na miti waulizwe sasa, na maneno yao yaandikwe, kabla ardhi haijauzwa na watu wasioijua. La tatu, palipo na uwanja wa shule, au wa kanisa, au nyuma ya nyumba, upandwe mnazi mmoja au miwili, na mbegu itokane na mti mrefu wa hapa hapa uliosimama mzima mahali wenzake walipokufa. Hatupandi ili tugeme. Tunapanda ili miaka minane ijayo mtoto wa Temeke apate dafu na nazi ya kukuna pasipo kwenda kuinunua kwa bei ya gari, na ajue kwa kuutazama mti kwamba watu waliomtangulia katika nchi hii walikuwa na kazi, na akili, na mali yao.