Ifahamu Protoni: Chembe Iliyo Ngumu Kunyumbuka

Ndoo ya lita 20 ya maji, kama zilizokuwa zikibebwa kila siku katika Kambi ya Wakimbizi ya Nduta, wilayani Kibondo mkoani Kigoma, ina takriban kilo 11 za protoni. Karibu uzito wote uliobaki ni wa neutroni.

Protoni ni chembe yenye chaji chanya iliyo katika kiini cha kila atomi. Ndani yake zimo kwaki 3 zilizofungamanishwa na gluoni. Ajabu ni kwamba masi ya kwaki hizo ni takriban asilimia 1 tu ya masi ya protoni. Yaani, katika kilo 11 zilizotajwa, kwaki zenyewe huchangia gramu 100 hivi. Sehemu kubwa iliyobaki hutokana na nishati ya mwendo wake na ya nguvu inayozifungamanisha.

Kwa kuwa imeundwa na sehemu ndogo zaidi, protoni hunyumbuka inapowekwa kwenye uga wa umeme: chaji chanya zilizo ndani yake husogea upande mmoja, na hasi upande wa pili. Kipimo cha unyumbukaji huo huitwa polarizabiliti. Kwa atomi nzima ya haidrojeni, kipimo hicho hukaribia ujazo wa atomi yenyewe. Kwa protoni ni takriban sehemu 1 kwa 2,000 ya ujazo wake. Unyumbukaji wa kisumaku ni mdogo zaidi. Watafiti wa Mainz, Ujerumani, huupima kwa kurusha miale ya gamma kwenye haidrojeni ya kimiminika.

Udogo huo haukuzuia mjadala mkubwa. Mwaka 2010, katika Taasisi ya Paul Scherrer nchini Uswisi, wanasayansi walipima nusu kipenyo cha protoni kwa kutumia muoni, chembe inayofanana na elektroni lakini nzito zaidi mara 207 hivi, ambayo huizunguka protoni kwa karibu sana. Walipata femtomita 0.84, wakati vipimo vya awali vilionesha takriban 0.88. Femtomita 1 ni sehemu 1 kwa trilioni 1 ya milimita. Iliulizwa iwapo wananadharia walikadiria vibaya jinsi muoni inavyoinyumbua protoni. Hesabu zilipofanywa upya, ilibainika kuwa mchango wa unyumbukaji ni mdogo mara makumi kuliko tofauti iliyohitaji maelezo.

Mwaka 2019, maabara ya Jefferson ya Marekani ilipata 0.83 kwa kutumia elektroni, matokeo yaliyouunga mkono upande wa muoni. Hata hivyo, mwaka 2022 watafiti katika maabara hiyohiyo walitangaza kuwa unyumbukaji wa kiumeme, ukipimwa katika vina mbalimbali vya protoni, huonesha ongezeko ambalo nadharia zilizopo hazijalieleza.